Mtu wa Mikono

Jumatano, tarehe 6 Machi 1974, tulimpoteza binti yetu wa kwanza kwa homa ya uti wa mgongo. Aliugua siku tatu. Alikuwa na miaka kumi na sita, naye alikuwa darasa la tano.

Waliokuja kutupa pole mtaani kwetu Kabiria walisikia umri, wakasikia darasa, wakatazamana. Nadhani wengine walifikiri alikuwa mzito wa kuelewa. Hakuwa mzito. Darasa la tano alikuwa amelimaliza mwaka 1969, akiwa nambari mbili, kisha mimi nikamrudisha la kwanza.

Binti yetu wa tatu, ambaye ndiye wa mwisho, ni kiziwi. Surua ilimpata kabla hajajua kusema. Nyumbani tulizungumza naye kwa mikono, kila mtu kwa namna yake. Mimi nikitaka maji nilirudia mara tatu ndipo aelewe. Dada yake mkubwa aliweza kumsimulia mahubiri yote ya Jumapili, na mdogo akacheka pale pale watu walipokuwa wamecheka kanisani.

Mdogo alipofika miaka saba nilimpeleka shule iliyo karibu nasi. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, ya bweni, na walituambia nafasi zimejaa. Mwalimu mkuu alinisikiliza vizuri. Nilimwambia naomba serikali ilete mtu wa kukaa darasani na kumwambia mtoto kwa mikono yale anayosema mwalimu. Sikujua kama kazi hiyo ina jina. Sisi tulisema tu mtu wa mikono.

"Mzee, mtu kama huyo sina, na sijui kama yuko mahali," akasema. "Andikeni barua mjini. Kwa sasa, si ana dada? Dada akae naye."

"Dada anaingia la sita."

"Basi arudi la kwanza. Ni muhula mmoja tu, mpaka barua ishughulikiwe."

Nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu ni muhula mmoja. Akaniuliza, "Baba, na madaftari yangu ya la tano niyaweke wapi?" Nikamwambia ayaweke juu ya kabati.

Alikaa na mdogo wake la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, kwa hivyo alikaa upande wa dirishani, miguu ameielekeza ukutani. Watoto walimwita Mama Darasa. Siku moja nilipita shuleni nikasikia kijana akimpigia kelele, "Mama Darasa, utaolewa ukiwa la tatu!" Akamjibu, "Nitaolewa na baba yako, ndiyo uniite mama vizuri." Wote walicheka, na yeye akacheka. Nilichukua kicheko hicho nikajiambia kwamba hana neno.

Wakirudi nyumbani walikuwa wakitunga maneno njiani. Mwalimu mkuu alikuwa vidole viwili kwenye macho, kwa ajili ya miwani. Mwaka huo wa 1974 walipoanza hesabu za sehemu, dada mkubwa alitunga hivi: kiganja kimoja ni ugali, kingine ni kisu, unakata. Alituonyesha mimi na mama yake siku ya Ijumaa. Jumatatu akaamka na homa.

Mimi nilikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Kazi ya tarishi ni kitabu. Kila barua inaandikwa humo, na anayeipokea anatia sahihi na kuandika saa. Huifungui barua, huulizi imesema nini, na ukiulizwa swali unajibu lile uliloulizwa. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na saba.

Kila Januari tuliandika barua ya kuomba mtu wa mikono. Tulikuwa wazazi watatu: mimi, seremala mmoja wa Kawangware aliyekuwa na mtoto kiziwi, na mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha pale Satellite, ambaye alikuwa na mjukuu kiziwi. Wao walisema maneno ya kuandika, seremala aliandika kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri, nami niliipeleka ofisi ya elimu mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Kisha niliwaonyesha sahihi kitabuni.

"Wamepokea," nilisema.

"Wamepokea mara tano," akasema yule mama mwaka huo. "Hizo barua wanazipika ama wanazifanya nini?"

Jibu lilikuja tukiwa nyumbani kwetu, magharibi mwa nchi, kwenye mazishi. Tulitakiwa tufike ofisi ya elimu Jumatatu, tarehe 18. Nilirudi na familia yangu Jumapili, na Jumatatu sisi wazazi watatu tukaenda.

Afisa alikuwa kijana kuliko sisi. Barua zetu tano zilikuwa mbele yake kwenye faili, zimepangwa vizuri, hakuna iliyokunjwa.

"Nimesoma," akasema. "Watoto wa hawa wawili bado hawajaanza shule, tutaangalia. Lakini wewe, mzee, shida yako siioni. Ripoti ya shule inasema mtoto wako ni wa tatu darasani. Mtoto wa tatu anatafutiwa mtu wa nini?"

"Ni wa tatu kwa sababu dada yake ndiye masikio yake!" akasema yule mama.

"Basi dada aendelee."

Seremala alitazama sakafu. Nikasema, "Amefariki. Tumetoka kumzika."

Afisa aliweka kalamu chini. "Pole sana, mzee wangu. Pole." Nikaona kwamba alihuzunika kweli. Kisha akauliza, "Hakuna ndugu mwingine hapo shuleni?"

"Yuko," nikasema.

"Darasa gani?"

"La saba."

Huyo ni binti yetu wa pili. Mwaka huo alikuwa afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hilo sikulisema, kwa sababu hakuniuliza. Akaandika, akaita karani, tukangoja barua ipigwe chapa. Aliitia kwenye bahasha akaifunga kwa gundi.

"Si wewe ni tarishi?" akasema. "Basi hii itafika kabla ya posta." Tulicheka kidogo, mimi pia.

Tulipofika nje seremala akasema, "Ifungue."

"Haifunguliwi."

"Ni mambo ya mtoto wako, bwana!"

"Imeandikwa kwa mwalimu mkuu."

Yule mama akanitazama. "Wewe hata kama humo ndani wamesema unyongwe, utaipeleka. Na utaomba sahihi."

Kesho yake asubuhi nilikwenda shuleni na mke wangu na mtoto. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi. Nilifungua kitabu, nikampa mwalimu mkuu bahasha. Aliisoma kwanza kimya, kisha akatusomea kwa sauti. Ilisema kwamba kwa kuwa mwanafunzi ana dada mwingine wa darasa la saba, dada huyo arudishwe la tano akae naye, mpaka ofisi itakapotoa jibu kamili.

Mke wangu alinigeukia. "Ulijua?"

"Sikuifungua."

"Waliuliza ukasema yuko?"

"Waliuliza kama yuko."

Alimwambia mwalimu mkuu, "Huyo hapana. Mmoja alitosha. Nitakaa mimi."

"Mama, barua inasema dada. Na wewe, samahani, umesoma mpaka wapi?"

"Sikusoma. Mwalimu anasema, mimi nasikia. Nitamwambia mtoto ninachosikia."

"Na shamba? Na sokoni?"

"Shamba halina mtihani."

Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana. Alivuta kitabu changu akatia sahihi kwamba barua amepokea, akaandika saa mbili na dakika kumi. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa ameshatoka ofisini na mtoto.

Niliwafuata mpaka mlango wa la tano. Darasa lilikuwa limeanza, na mwalimu alikuwa akiandika sehemu ubaoni. Watoto waligeuka wote, hakuna aliyetaja Mama Darasa. Mke wangu alisimama kando ya dawati, leso yake mkononi. Binti yetu alimtazama, kisha akasogea upande wa dirishani, pale alipokuwa akikaa dada yake, akampisha mama yake akae mahali pake yeye. Mwalimu akaendelea kuandika.