Mkwe Nyuma ya Pazia

Lukas alikuwa fundi baiskeli pale njia panda ya Mingoyo, mtu wa mikono mizuri na mdomo mbaya. Mdomo huo ndio uliomkosesha mke. Siku moja, mbele ya wateja watatu, alimwita Anjelina mzigo, eti kwa sababu amechelewa kuleta chakula. Anjelina akaweka sufuria chini, akafunga nguo zake kwenye kikapu, akarudi kwa baba yake. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu aondoke, na Lukas alikuwa akila mihogo ya kuchemsha na kujuta.

Alimtuma mshenga mara mbili, na kanga na sukari. Mara zote mbili alirudi na jibu lile lile: mzee Rafaeli, baba wa Anjelina na mwindaji wa zamani wa nguruwe pori, amenyamaza. Kwenda mwenyewe Lukas hakuthubutu. Tangu aoe, akimwona mkwewe njiani hushuka baiskeli na kuchepuka pembeni hadi mzee apite, kama alivyofundishwa kwao.

Basi akawa anapoza roho kwa gemu. Mwaka huo, elfu mbili na nne, kila aliyeweza kufungua biashara alifungua, na jamaa mmoja, Tawakali, alikuwa ameleta kutoka Dar kompyuta mbili za mtumba na jenereta, akaziunganisha kwa waya ili watu wawili wawindane. Gemu lenyewe lilikuwa jipya, kazi ya vijana wanne wa Ulaya walioanzisha studio yao bila tajiri nyuma yao. Ndani yake mlikuwa na mji wa maghorofa usiokatika mvua, watu wenye mikono ya chuma, na kampuni moja inayomiliki hata macho waliyopandikizwa. Unapewa bunduki, unaambiwa usife. Watu wa Mingoyo waliuita Mji wa Waya. Lukas aliupenda, maana kule hakuna aliyemuuliza mkewe yuko wapi.

Kati ya kompyuta hizo Tawakali alitundika pazia la kanga, watu wasichunguliane. Jumamosi moja mchana Lukas alikuta mtu ameshakaa upande wa pili, wakaanza. Mtu huyo hakukimbia ovyo. Alijibanza, akangoja, akamuua Lukas mara mbili. Mara ya tatu Lukas alipanda ghorofani kwa ngazi ya nyuma, akamkuta amempa mgongo. Akalenga. Hapo mtu yule akakohoa nyuma ya pazia, kikohozi kirefu cha tumbaku. Kikohozi kile Lukas alikijua tangu siku ya posa.

Akaondoa mkono kwenye kipanya.

Mtu wa kwenye kioo akageuka, akamwona amesimama tu. "Mbona hupigi?" sauti ikauliza nyuma ya kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeuliza, mbona hupigi?"

"Siwezi kukunyooshea bunduki, baba."

"Hata hii ya katuni?"

"Hata hiyo."

"Mimi unanistahi," Rafaeli akasema. "Lakini mwanangu ulimwita mzigo mbele za watu."

Mshenga alikuwa amepeleka maneno ya kujitetea, eti shetani alipita, eti hasira za njaa, na ni Lukas aliyemtuma nayo. Sasa akayaonea aibu. "Nilimkosea, baba. Sina la kujitetea."

"Hilo ndilo tulilokuwa tunalingoja." Papo hapo kioo cha Lukas kikawa chekundu: mzee alikuwa amempiga risasi ya kifua. "Hiyo ya Anjelina. Kesho njoo umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Kesho yake Lukas alifika na baiskeli, keria ameikaza vizuri. Akasema yote, kichwa ameinamisha. Anjelina alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kikapu chake. Lukas akanyoosha mkono akifunge kwenye keria.

"Hapana," Anjelina akasema. "Baiskeli nitaikokota mimi. Mzigo beba wewe."

Lukas akaubeba kichwani mpaka njia panda, mpaka mbele ya kibanda chake, ambako wale wateja watatu walikuwa wamekaa wakimngoja.