Kamera Haikohoi

Mlima tunaokaa, upande wa Ilemela, ni mawe yaliyopandana, na nyumba zimejibanza palipobaki nafasi. Paa la jirani wa chini liko usawa wa kizingiti cha jirani wa juu. Ukisimama uani kumwagilia mchicha unaona sufuria ya mwenzako na kujua kwamba leo kwake ni maharage. Mabafu mengi yako nje na hayana paa: kuta za bati zinazofika mabegani, mlango wa turubai, na mbingu.

Kwa hiyo tuna desturi moja ambayo sikumbuki kufundishwa na mtu. Ukipita njia ya mawe iliyo juu ya bafu la mwenzako, unakohoa. Aliye ndani naye anakohoa, nawe unageuza uso upande wa ziwa na kupita. Mgeni wangu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya huruma, kama hospitali iko mbali.

Tuna pia kundi la majirani kwenye simu. Lilianzishwa ili watu waambizane gari la taka linapofika, lakini taka huzungumzwa kidogo sana. Humo tumebishana kuhusu alama za vidole na laini za simu, kuhusu nani ana haki ya kupiga picha ajali, na kama simu inatusikiliza. Hilo la mwisho lilianza pale jirani mmoja alipotajiwa godoro na mkewe, na kesho yake akaona matangazo ya magodoro kila alipofungua simu. Mkewe aliandika kwamba simu ilikuwa imesikia, aliyekuwa hajasikia ni mumewe.

Mimi nauza vipuri vya injini za mitumbwi. Ninachojua kuhusu sheria nimekisoma mwenyewe, dukani, kati ya mteja na mteja. Nikichangia kwenye kundi naandika kwa aya, na kila sentensi naimaliza kwa nukta. Wananiita Mzee wa Vifungu, na sijawahi kudhani kwamba ni sifa.

Sasa, jirani wa juu yangu ni afisa kilimo mstaafu, Mhaya, mtu anayezungumza Kiswahili kana kwamba anasahihisha mtihani. Betri yake ya sola iliibiwa. Watoto wake wakamtumia betri nyingine na kamera, ile ya duara inayogeuza shingo kama bundi na kutazamwa kwa simu. Akaifunga kwenye kona ya ukuta wake, akatutangazia kwenye kundi kwamba wezi sasa watafute mlima mwingine. Tulimpongeza wote, nami nikiwamo.

Chini ya kona hiyo, kwa upande, ni uwanja wa jirani yetu, mama anayekaanga samaki, sato, karibu na mwalo mitumbwi inaposhusha samaki. Jioni hurudi akinuka mafuta na moshi, anaoga, kisha anakwenda mazoezi ya kwaya. Alikuwa na kawaida ya kuimba akioga, sauti ya pili, ile isiyosikika vizuri kanisani kwa sababu ya sauti ya kwanza. Mlima mzima ulijua kwa wimbo wake kwamba ni wakati wa kuwasha moto wa ugali.

Wimbo ukakatika. Nilidhani ana mafua. Baadaye nikamkuta njiani na ndoo na taulo, akitoka kuoga kwa mwanakwaya mwenzake, mbali kidogo.

"Maji yamekatika kwako?" nikamuuliza.

"Maji yapo. Kuna jicho. Nikisogea kushoto linasogea kushoto, nikiinama linainama."

Nikamweleza kwamba kamera hizo hufuata chochote kinachotembea, ndivyo zilivyotengenezwa.

"Basi mimi ndiye chochote," akasema. "Kaka, nina kiwanja Kisesa. Hili likiendelea nitahamia huko, niiache nyumba niliyoijenga kwa kukaanga samaki, kisa kuoga."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mzee. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini samaki hapandi ngazi.

"Mzee wa umri wa baba yangu, nimwambie kwamba ananiona uchi? Siku nikisema hivyo nimemvua nguo na yeye. Wewe ndiye unayejua kuandika. Andika."

Niliandika, bila kumtaja mtu wala nyumba. Nilieleza kwamba sheria ya kulinda taarifa binafsi inagusa pia picha ya mtu, kwamba anayelinda mali yake asivuke mpaka wake, na nikamalizia kwamba kila mtu ana haki ya faragha, hata akiwa bafuni.

Jibu la kwanza lilitoka kwa kijana wa bodaboda: "Hasa bafuni. Ila faragha na nani, Mzee wa Vifungu?"

Katika vitabu nilivyosoma, faragha ni mtu kuachwa peke yake. Kwa majirani zangu wengi, faragha ni watu wawili na mlango uliofungwa. Kabla sijamaliza kuandika ufafanuzi, mtu alikuwa ameshauliza ni bafu gani hilo lenye faragha, na mwingine akasema yeye alishahisi zamani. Mzee wa kamera naye akaingia na aya zake: kamera ipo katika eneo lake, mali ni yake, na hajui wapi sheria inamkataza mtu kutazama betri yake mwenyewe. Mmoja akasema picha zote zinakwenda ng'ambo. Mwingine akataka kujua huko ng'ambo watu wa mlima wetu wana faida gani. Muuza mkaa, Msukuma mwenzangu, akachoka na kuandika: "Jamani tupige kula tumalize."

Mzee hakuweza kuiacha ipite. "Tutapiga kula saa ngapi, na sahani analeta nani?"

"Wewe lete ndizi, msomi wetu nshomile, sisi tutaleta meno."

Hoja ikafia hapo, kwenye ndizi. Kamera haikuguswa.

Kesho yake mama wa sato alifika dukani kwangu akiwa bado na aproni.

"Kaka, umeniandikia nini? Tangu asubuhi wateja wananunua kichwa cha samaki na kuniuliza nina faragha na nani."

Nikaanza kumfafanulia maana ya neno. Akanikatiza.

"Hilo neno lako weka kabatini. Nilichonyang'anywa ni stara. Sema stara. Hata mlevi anajua stara."

Nililifikiria neno hilo baada ya yeye kuondoka. Faragha, kama nilivyoisoma, ni kitu unachodai. Stara mtu hupewa na wenzake. Ndiyo maana tunasema fulani amesitiriwa, na ndiyo maana tunakohoa. Kwenye maelezo yangu yote sikuwa nimetaja kukohoa hata mara moja.

Jioni hiyo nikapanda kwa mzee, nikakohoa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na kifungu kipi leo?"

"Hakuna. Nimekuja kwa jambo la stara. Njia ya juu ya bafu la jirani yetu, wote tunapita tukikohoa. Kamera yako haikohoi."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Bafu gani?"

"La chini, kwa mama wa sato."

"Mimi natazama betri," akasema taratibu. "Simu inalia kila mara, eti kuna mtu anatembea. Nadhani ni paka, nafuta bila kufungua." Akaishika simu kana kwamba imepata joto. "Kwa hiyo alikuwa si paka."

"Usiifungue kwanza," nikamwambia. "Ngoja niingie mimi bafuni."

Tukafuta kila kilichokuwemo bila kukitazama. Kisha nikashuka, nikamwomba ruhusa mama wa sato, nikaingia bafuni kwake na shati langu na kofia yangu, naye akasimama nje kama mwamuzi. Mzee akabaki juu na simu.

"Naona kofia," akasema kutoka juu. "Naona na mabega. Vua kofia. Naona kipara."

"Geuza, mzee."

"Nimegeuza. Sasa naona pimbi wawili juu ya jiwe. Wamekaa vizuri kuliko wewe."

Nikatoka nikidhani kazi imekwisha. Mama wa sato hakusogea.

"Leo ameigeuza kwa kidole. Kesho kidole kikiteleza nitajuaje, mimi niliye huku na sabuni machoni?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini mlimani kwetu sauti ya kawaida hupanda. Mzee alisikia.

"Ana haki," akasema. "Hata mimi nisingemwamini mtu kama mimi."

Nilirudi na kipande cha bati, skrubu na bisibisi. Nikakifunga ukutani chini ya kamera, kimejitokeza mbele kama kiganja ambacho mtu huweka juu ya macho kukinga jua, ila hiki kilikinga kwa chini. Mama wa sato aliingia bafuni mwenyewe, akasogea kushoto, akasogea kulia, akainama. Alichoona juu ni bati tu. Alitoka akasema kwamba mtu wa Kisesa aliyekuwa anakiulizia kile kiwanja sasa atauziwa.

Mzee, kwa kuwa hapendi kushindwa na bati, alisoma karatasi ya maelekezo na kugundua kwamba kamera yake ina spika. Siku hizi, kabla ya kuitazama, hukohoa kwanza kwenye simu, na kikohozi kinatokea ukutani. Siku ya kwanza mama wa sato aliangusha kopo. Alidhani jiwe limeugua. Sasa huwa anakijibu.

Na wimbo umerudi. Jioni moja ulikuwa umefika kiitikio pale kundi lilipoanza upya. Kijana wa bodaboda ndiye aliyechokoza: bati limeziba picha, sawa, je sauti? Kamera yenye spika haikosi sikio. Mzee wa Vifungu atueleze, sauti ya mtu ni mali ya nani?

Nilikuwa naandika aya ya pili, bado sijaweka nukta, mama wa sato alipotuma ujumbe wa sauti. Maji yalikuwa bado yanamwagika nyuma yake.

"Sauti yangu sikilizeni mshibe," alisema. "Ila anayesikia kwamba sauti imeshuka mahali, aje mazoezini. Tuna upungufu wa wanaume."

Mzee akaandika kwamba ni kweli, kwenye kiitikio ameshuka kidogo. Jumapili iliyofuata nilimwona mstari wa nyuma wa kwaya, kwenye sauti ya nne, akikohoa kabla ya kuanza.