Mtani Kidato cha Kwanza

Januari kwangu ni mwezi wa sketi. Nashona nguo barazani, mtaa wa Lizaboni, na wiki ya kufungua shule wanafunzi hupanga foleni mbele yangu niwapime viuno huku mama zao wakilalamika kwamba mwaka jana niliwabana. Kazi hii naipenda kwa sababu moja tu: hainitoi nyumbani. Mke wangu husema nikienda dukani kununua chumvi narudi nasimulia kama mtu aliyetoka Ulaya.

Kwa hiyo binti yetu aliporudi kutoka shule kabla hata ya chai ya saa nne, akasimama mbele ya cherehani na kusema, "Baba mdogo, unaitwa na mwalimu wa historia. Kesho," nilijichoma sindano kidoleni.

"Umefanya nini?"

"Nimemtania mtu."

Binti huyu ni mtoto wa dada yake mke wangu, kutoka Nakapanya, Tunduru. Wameniletea asome kidato cha kwanza hapa mjini, na alikuwa na siku chache tu kwetu. Wao ni Wayao, mimi ni Mngoni, na kwetu hao ni watani. Mtani anakutukana, unamtukana, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Zamani babu zetu walipigana. Walipochoka kuuana wakaona afadhali watukanane. Nilipomzika baba yangu, shemeji zangu walishuka kaburini wakalala humo, wakagoma kutoka mpaka wapewe kuku. Na binti huyu, siku aliposhuka kwenye basi la Tunduru, alinipa shikamoo kwa adabu zote, kisha akamgeukia mke wangu: "Mama mdogo, ndiyo huyu mtumwa wetu? Mbona amekonda?"

Nikajua tutaelewana.

Lakini jioni ile hakunitania. Alikunja nguo zake moja moja, akazirudisha kwenye begi, akaliweka karibu na mlango.

"Kama mwalimu hanitaki darasani narudi nyumbani," alisema. "Korosho hazina mwalimu."

Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo miaka yote ya ndoa nimejifunza kulielewa. Lilisema: huyu akirudi Nakapanya safari hii, shule basi.

Asubuhi nilivaa suruali ya harusi, ambayo niliishona mwenyewe na sasa haifungi. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilifika shuleni nimebeba nusu ya barabara kwenye viatu. Binti alitembea nyuma yangu.

Mwalimu wa historia alikuwa dada mdogo tu, mgeni, kwao Bukoba. Nilikuwa nimejiandaa kuongea naye kama kijana mwenzangu.

"Shikamoo mzee," akasema.

Mzee! Nikaitikia marahaba, nikakaa, kifungo cha suruali kikaanza kupigania maisha yake.

"Mzee, jana tulianza mada ya biashara ya watumwa. Nikauliza, watu wa huku waliishije kabla ya ukoloni? Kijana mmoja akasema Wangoni ndio walitawala. Binti yako akasimama bila hata kunyoosha kidole. Akamwambia, 'Mlitawala nini? Babu yako angekuwa hai ningemuuza kwa shuka, tena lililochakaa.' Darasa zima likacheka. Yule kijana akalia. Na somo lenyewe linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Maadili, mzee!"

Historia nilipata D kidato cha nne, na ndiyo alama niliyojivunia. Haikunisaidia kitu.

"Ni utani tu, mwalimu. Sisi na wao ni watani."

"Kila anayemtukana mwenzake husema ni utani. Mimi mambo ya huku siyajui. Ninachojua ni mtoto aliyelia."

Nilivuta shati lifunike kifungo. Mwalimu akamgeukia binti aliyesimama mlangoni, macho kwenye sakafu.

"Nyumbani maneno haya unamwambia nani?"

"Huyu."

"Unamwitaje?"

Alisugua kiatu sakafuni. Nilitamani aseme baba mdogo, baba, mzee, hata fundi.

"Mtumwa," akasema.

"Na wewe, mzee, unamjibu nini?"

"Namwambia..." Nilikohoa. "Namwambia babu zake walipotuona tunakuja walikimbia mpaka wakasahau wake zao vichakani."

Nilidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo. Alifunga kitabu chake, akasimama.

"Twende ukayaseme hayo darasani. Mimi nikieleza nitakosea. Yule kijana akielewa na kukubali, binti yako anakaa leo hii. Asipokubali, nalipeleka shauri kwa mkuu wa shule, na huko sina usemi."

"Mimi? Darasani?"

"Kwani ni nani mwingine mtani hapa?"

Tulipoingia wote wakasimama: "Shikamoo mzee!" Nikaitikia, kisha nikasahau kuwaambia wakae, wakabaki wamesimama wananitazama. Sketi karibu zote za mstari wa mbele zilikuwa zangu. Niliona pindo moja limekwenda upande na nikaomba mama wa mwenye sketi asije siku hiyo.

"Wakae, mzee," mwalimu akaninong'oneza.

Kijana mwenyewe nilimjua bila kuonyeshwa. Alikuwa dirishani, macho yamevimba, anachora kitu kwenye meza kwa kucha. Kabila lake ni langu, lakini amekulia mjini. Inaelekea hakuna aliyewahi kumpeleka kwenye msiba akaona watu wanatukanana juu ya kaburi.

Nikaeleza utani. Nikaeleza kuku wa shemeji zangu, wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kuchora. Nikaona kwamba nikiendelea na vichekesho nampoteza yeye, na binti pia. Nikasema jambo ambalo hata nyumbani sikuwahi kulisema.

"Mama yake babu yangu hakuzaliwa Mngoni. Alikuwa mtoto, yuko shambani kwao, Wangoni wakamteka. Akakulia kwetu, akazaa, na sisi tukawa Wangoni. Wenzake aliotekwa nao wengine waliuzwa, hawakuonekana tena. Mkiuliza nyumbani, wengi wenu mtaambiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo binti huyu akiniita mtumwa, hajadanganya sana. Namruhusu kwa sababu ya utani. Mtu asiye mtani wangu akiniita hivyo, tutashikana."

Hakuna aliyecheka. Binti aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanitazama kana kwamba nimemficha kitu.

Kijana akaacha kuchora.

"Kwa hiyo akinitukana mimi nikae kimya?"

"Hapana. Unamjibu."

"Chochote?"

"Chochote. Na yeye akinuna, kosa ni lake."

Alisimama. Alimpima binti kwa macho mpaka mwalimu akaanza kutazama mlango, na mimi nikaanza kumwona mkuu wa shule.

"Nyie watu wa Tunduru," akasema mwishowe, "mnakula panya."

Darasa zima likamgeukia binti. Binti alikaza kidevu. Huyu ni mtoto aliyetoka kwa mama yake juzi tu, na begi lake liko mlangoni kwangu. Neno dogo kama hilo lingeweza kumpandisha basi. Nilitaka kumsaidia, lakini katika utani huwezi kumjibia mtu.

"Tunakula," akasema. "Wana nyama kuliko nyie Wangoni."

Kicheko cha kijana kilimtoka puani kabla hajakizuia. Akajifuta, akakaa, akamwambia mwalimu, "Mimi basi, mwalimu. Akae."

"Kaa," mwalimu akamwambia binti. "Na humu ndani, asiyejua utani anaelezwa kwanza. Halafu utafagia darasa wiki nzima, kwa kutonyoosha kidole."

Kisha akanigeukia. "Mzee, tukifika vita vya Majimaji nitakuita tena."

"Wiki hiyo nitakuwa na kazi nyingi," nikasema, bila kujua ni wiki gani.

Jioni nilikuwa nafumua lile pindo, maana mama wa mwenye sketi alikuwa amekuja kweli. Binti alitoka ndani akasimama karibu na cherehani.

"Baba mdogo, yule bibi alitekwa wapi?"

"Sijui. Hakuna aliyemuuliza."

Akaokota uzi miguuni pangu. "Ningejua, nisingekuita mtumwa."

"Ukiacha nakudai kuku."

Alifikiri kidogo. Kisha akanisukuma bega, maana kiti changu kilikuwa kimeziba nusu ya mlango.

"Basi nipishe, mtumwa. Sare yangu ya kesho iko kwenye begi na sijaipiga pasi."