Ijumaa Mwalimu Alipofungua Mipangilio ya Kompaila

Kiwanda kimoja cha majani chai huko Nyamira kilinipa kazi ya kuunda kifaa cha kupima joto na unyevu katika chumba cha kunyaushia majani. Programu yake niliiandika katika chumba changu cha kazi, juu ya duka la dawa za mifugo pale Keroka. Nilipotaka kuiingiza kwenye chipu ya kifaa, linka, yaani ile programu inayounganisha vipande vyote kuwa kimoja, ikakataa. Kazi yangu ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo. Nikaanza kufuta hiki na kile, hadi nikakaribia kuiondoa kengele ya tahadhari, ambayo kiwanda kiliitaka kuliko kitu kingine chochote.

Nikampigia simu mama aliyenifundisha chuoni Kisii. Alifika Ijumaa mchana, ametoka sokoni na kikapu cha ndizi.

"Nina muda kabla ya jua kutua," akasema. Ni Msabato, na Sabato, inayoanza Ijumaa jua likitua, haijawahi kumkuta kazini.

Programu yangu hakuigusa hata mstari mmoja. Alifungua dirisha la mipangilio, mahali ambapo mimi sikuwa na mazoea ya kuingia, akasoma taratibu.

"Kipengele hiki umekichagua wewe au umekikuta?"

"Nilinakili kutoka mradi mwingine, Mwalimu."

"Na hiki?"

"Hicho pia."

Hakunicheka. Aliitaka kompaila, inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, itoe maonyo yote. Yakamiminika hadi nikaona haya. Onyo moja lilihusu namba ambayo sikuipa thamani ya kuanzia. Kumbe ndiyo iliyofanya kengele ilie ovyo nilipoijaribu peke yake, nami wiki nzima nikilaumu nyaya! Kisha akaiagiza kompaila ibane ukubwa na kutenganisha vipande, na linka itupe visivyotumika. Akajenga upya. Programu ikaenea, na nafasi ikabaki.

Niliruka kwa furaha. Yeye akarudisha kila kitu kilivyokuwa.

"Mwalimu!"

"Sasa weka wewe. Na kila unachoweka, niambie kinafanya nini."

Nilikosea mara mbili. Alitupia jicho jua lililokuwa likishuka, lakini hakuninyang'anya kipanya. Nilipopatia, akasema "Mbuya mono," yaani vizuri sana kwa Kikisii, akanipigia makofi kidogo, kisha akashuka ngazi mbio mbio kama msichana.

Jumatatu tulikifunga kifaa kiwandani. Msimamizi wa chumba, mzee aliyezoea kupima majani kwa kiganja, aliyafinya, akatazama kioo cha kifaa, akayafinya tena.

"Kinasema ninavyosema mimi," akakiri.

Nikampigia Mwalimu kumpa habari. Alifurahi, halafu akauliza jambo moja tu: kama ile mipangilio nimeiandika mahali. Nilikuwa nimeiandika yote, na kando ya kila mstari nimeeleza sababu yake.