Msiba Ambao Agneta Hakuuvua

Zamani, hapa Minago, msiba uliondolewa kwa mtungi wa pombe ya ndizi uliobebwa na jirani. Siku hizi unaondolewa kwa hema la kukodi, viti vya plastiki na kijana wa kupiga video, na asiyeweza hayo anakaa na maiti wake mabegani mpaka anazeeka.

Agneta alikaa hivyo. Alikuwa jirani yangu upande wa ziwani. Alizaliwa Katumba, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi waliotoka huku kwetu mwaka sabini na mbili. Aliolewa huko huko na Silvano, mtoto wa ukoo wa hapa, nao walirudi na malori ya wakimbizi, binti yao Elda akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kazi yake ilikuwa ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika juani. Wenzake waliwamwaga mchangani, wakikauka wakawasomba kwenye magunia. Yeye aliwachambua kwa mkono. Aliyekatika kichwa, nje. Aliyepinda, nje.

"Mama Elda," nilimwambia mara nyingi, "tumboni wote wanakatika."

Alicheka kidogo, na mkono haukusimama.

Chanzo cha tabia hiyo nakijua, maana nilikuwepo. Mwaka waliporudi, mama yake Silvano alifariki, na Agneta akapokea waombolezaji kama alivyoona kule alikokulia: chai, maandazi, wali. Pombe haikuwepo. Wanawake wa hapa walishika vikombe vyao kama watu waliopewa dawa.

"Hawa Batanzania," mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "wanazika mutu kama wanafungua hoteli."

Watu wakacheka, msibani. Agneta alikuwa amesimama katikati yao na birika mkononi. Tangu siku hiyo aliamua kwamba hakuna mdomo wa Minago utakaopata tena mlango wa kuingilia nyumbani kwake. Alianza kujifunza desturi zetu kuliko sisi wenyewe. Bahati mbaya alizikuta zimekwisha kuoza. Kilichokuwa kikiitwa desturi wakati huo kilikuwa ni hema, muziki wa spika, na sare za kitambaa kimoja kwa ukoo mzima. Hayo ndiyo aliyoyashika.

Silvano alikufa kwa ugonjwa wa sukari, mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia majumbani. Tulimzika juu, kwenye michikichi, kwa sababu makaburi ya chini yalikuwa yamejaa maji. Kwa desturi yetu, mwaka ukipita au zaidi kidogo, ukoo na majirani wanakusanyika kuuvua msiba. Kwa Kirundi tunasema kuganduka. Watu wanakunywa pamoja, mkubwa wa ukoo anasema neno, na kuanzia hapo wafiwa wanarudi kati ya watu. Kabla ya siku hiyo nyumba haifanyi harusi. Hilo hata watoto wa leo, ambao hawajui kitu, wanalijua.

Mwaka ulipita, na Agneta hakuvua. Kwanza alisema kaburi halijapigwa saruji. Lilipopigwa, akasema ua bado una matope ya ziwa. Matope yalipokauka, akasema hema zuri liko Bujumbura peke yake. Mwaka wa pili ukaisha, wa tatu ukaingia. Wakati huo Elda alikuwa amekwisha kuchumbiwa na Jephté, fundi wa mashine za mitumbwi. Baba yake Jephté, mvuvi anayeitwa Lukeba, alitoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, na familia yake, na ni watu wa kusali. Walikuja kuulizia siku ya harusi. Waliambiwa wangoje msiba uvuliwe. Wakangoja.

Jephté alinikuta siku moja pwani, mikono imejaa grisi.

"Papa Nestori, huyu mama anatuweka mu njia kama mafungu ya mihogo. Mutu anapita, anauliza bei, anaenda."

"Mwambie yeye."

"Nikimwambia, ananipa chakula. Chakula kizuri sana. Nakula, nanyamaza."

Ndipo likaja shirika fulani kutoka mjini. Lilitaka wanawake wa kukaa na wajane, kuwasikiliza na kuwasindikiza mpaka wasimame tena. Wakawaita makocha. Hadji, fundi baiskeli wa barabarani, alifurahi wiki nzima.

"Mama Elda! Wajane wako wanacheza na timu gani Jumapili? Golini umemuweka nani?"

Agneta alichaguliwa wa kwanza. Ni haki, maana hakukuwa na mwanamke aliyefanya kazi kuliko yeye. Aliyewafundisha alikuwa Vestine, mtu wa Bujumbura, mwenye sauti ya chini na viatu visivyofaa mchanga wetu. Walikutana kwenye ukumbi wa parokia, na kwa kuwa ufunguo ninautunza mimi, nilikaa nyuma nikasikiliza.

Siku moja Vestine aliuliza, "Nani hapa amemaliza na mjane hata mmoja? Amesimama, anaenda mwenyewe?"

Hakuna aliyeinua mkono. Walikuwa wamefanya kazi tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia.

"Wangu bado hajakaa sawa," Agneta akasema. "Kezia. Anataka kuganduka mwezi huu, lakini ukuta haujapakwa chokaa. Na kuku wake ni wadogo. Nimemwambia angoje."

"Ukuta huo ni wa nani? Wa Kezia ama wako?"

Wanawake walicheka, na Agneta naye akacheka, akitazama chini.

"Nawaambia ninyi kwanza, kabla ya wajane," Vestine akaendelea. "Kocha anayetaka mutu wake asiwe na doa, anaogopa doa lake mwenyewe. Anasema anasaidia, kumbe anamushikilia. Sasa muende, kila mmoja, muache kitu kimoja kipungue. Kwa makusudi. Muone kama mbingu itaanguka."

Nilimsikiliza nikakasirika, na si kwa sababu alisema uongo. Bibi yangu alipokuwa akigawa pombe alihakikisha mtungi unakauka kabla kiu haijaisha. Alisema watu wakishiba kabisa hawatakuwa na sababu ya kurudi. Alikuwa hajui kusoma. Sasa jambo hilo hilo limekufa, tumelizika bila hata kuligandukia, halafu linarudishwa kwetu kwa gari, pamoja na soda za wahudhuriaji.

Hata hivyo Agneta alitii. Alimwacha Kezia. Kezia akavua msiba wake na ukuta wake mweusi, kwa ugali wa muhogo na samaki na pombe waliyoleta majirani. Mvua ikanyesha kidogo, tukasongamana chini ya paa kama mbuzi. Mkubwa wa ukoo alisahau neno lake katikati, akasema, "Basi, mumenielewa," na watu wakacheka mpaka Kezia mwenyewe akacheka. Nilikuwa sijaona meno yake tangu mume wake afe. Wiki iliyofuata alikuwa sokoni.

Agneta aliketi pembeni siku ile, akiangalia kiti kimoja kilichovunjika mguu. Vestine alimfuata nyumbani, nami nikawa pale nikirudisha jembe.

"Umemufungua Kezia," Vestine akamwambia. "Wewe nani atakufungua?"

Elda alikuwa akiosha sahani. Aliziacha majini, akaja akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, baba hakupenda hata hema la harusi za watu. Alisema linamfanya atoke jasho. Tupange siku, mama. Nakuomba."

Agneta alimfuta binti yake povu la sabuni mkononi, kidole kwa kidole. Kisha akasema siku. Jumamosi moja ya kiangazi. Elda alilia, na kesho yake Lukeba akatuma watu kuuliza harusi, wakapewa mwezi unaofuata.

Jumamosi hiyo watu walikuja. Waliteremka kutoka Kizuka wakisukuma baiskeli zenye madumu ya pombe ya ndizi, wengine wakatoka Gatete, kila dumu limezibwa kwa jani. Lukeba alileta samaki wa mukeke kikapu kizima. Pontiani, mkubwa wa ukoo wa Silvano, alifika na fimbo yake na koti lake moja. Kulikuwa na kivuli cha michikichi, mikeka, na magogo ya kukalia. Hema halikuwepo. Gari lililobeba hema, viti na kijana wa video lilikuwa limesimama Bujumbura kwenye foleni ya esansi, yaani petroli, na esansi haikuwepo.

Agneta alitoka nje akiwa bado na nguo zake nyeusi.

"Amahoro, wazee," akasema. "Munisamehe. Si leo."

Pontiani alidhani hakusikia vizuri. "Si leo nini?"

"Hema halijafika. Turudi Jumamosi ijayo. Kila kitu kitakuwa sawa."

"Mukwe wangu, mimi nilikuja kwa hema? Silvano iko chini ya hema?"

"Mtakaa wapi, baba? Kwenye magogo?"

"Matako yangu yanayajua magogo tangu zamani."

Wengine walicheka, wakitaka jambo lipite. Vestine, aliyekuwa amekuja tangu asubuhi, alimshika mkono. "Agneta. Kile kitu kimoja. Kiache kipungue."

Ndipo Agneta akasema, si kwa hasira, lakini wote tulisikia. "Kwa Kezia ndiyo. Kezia ni wa hapa. Yeye akikosea, watasema amekosea. Mimi nikikosea watasema ndivyo tulivyo."

Vestine aliuachia mkono wake. Alikuwa amefundisha mengi, ila hilo halikuwemo. Aliangalia wale wanawake wa hapa, na wao wakaangalia miguu yao. Yule aliyesema habari ya hoteli alikuwepo pia, amezeeka, na dumu lake mbele yake. Angeweza kusema neno. Alikaza jani la dumu lake.

"Na pombe?" Pontiani akauliza.

"Iwekeni mpaka Jumamosi."

"Pombe ya ndizi haiwekwi. Iko kama mutu, haingojei."

"Basi mrudi nayo, baba. Nawaomba."

Kwetu mtu hukataa chakula, hukataa hata salamu, na mambo yakatengenezwa. Pombe ya msiba haikataliwi. Kuirudisha ni kumwambia jirani kwamba umekwisha kumtoa katika wanaokuzika. Agneta alilijua hilo kama alivyojua desturi nyingine, kwa kujifunza, na kwa siku moja hofu ilimsahaulisha. Pontiani alisimama, akachukua fimbo yake. Wakafunga madumu yao kwenye baiskeli, wakaanza kupanda kilima. Elda aliwakimbilia mpaka barabarani, akishika usukani wa huyu na wa yule. Walimpisha kwa upole, wakaendelea.

Jumamosi iliyofuata hema lilifika. Lilikuwa jeupe kweli, na viti vyeupe vilipangwa kwa kamba, kila mstari umenyooka. Nyama ilipikwa. Kijana wa video alisimama na mashine yake begani. Tulifika mimi, Kezia, Vestine, na akina Lukeba. Pontiani hakuja, wala mtu yeyote wa ukoo, na bila mkubwa wa ukoo msiba hauvuliki. Tulikaa mpaka jua likageuka. Mwishowe yule kijana, kwa kuwa alikuwa amelipwa, akapiga picha za viti.

Nilipanda Kizuka mara kadhaa kumsihi Pontiani. Alinipokea vizuri. Alisema, "Mambo ya ukoo, Nestori, wewe huyaelewi?" Nilikuwa nayaelewa. Hayo pia ni desturi zetu, na siwezi kuzililia nikaacha hiyo moja nje.

Mradi wa shirika uliisha kabla ya mvua. Vestine alikuja kuaga, akakaa na Agneta uani muda mrefu, akaondoka. Kezia ndiye anayewatembelea wajane sasa, bila cheo. Lukeba alisema hawezi kumtoa bibi harusi katika nyumba yenye maiti, na sikumlaumu. Jephté naye alichoka kupewa chakula kizuri. Alipata kazi ya mashine kule Baraka, ng'ambo, na Elda akasema atakwenda naye hivyo hivyo, bila harusi, bila wimbo, kama mtu anayehamisha godoro.

Niliwasindikiza bandarini Rumonge. Boti lilikuwa limejaa, injini inanguruma, Jephté ndani akipokea mizigo. Elda alisimama majini, maji yamefika magotini, anatazama barabara. Agneta akaja akiwa na nguo zake nyeusi na kikapu cha ndagala cha kumpa binti yake. Nilidhani atapita moja kwa moja. Aliketi juu ya jiwe, akakiinamisha kikapu mapajani, akaanza kuchambua.

"Mama Elda, boti linaondoka. Mpe hivyo hivyo."

"Njiani wamekatika, baba. Angalia. Huko wataona nini? Watasema mama yake ni mtu wa namna gani?"

"Mama!" Elda akaita. "Mama, njoo!"

"Naja," Agneta akajibu, bila kuinua kichwa. Vichwa vya ndagala vilikuwa vikidondoka kati ya miguu yake. "Naja, mwanangu. Dakika moja."

Jephté alimshika Elda makwapani, akamvuta ndani. Boti likarudi nyuma, likageuka. Elda alikaa kwenye mizigo, uso umeelekea kwetu, mkono wake uko juu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona pamoja, mmoja ameinua mkono, mwingine ameinamisha kichwa, na kikapu kilikuwa bado hakijafika nusu.