Ndege Aliyeandikiwa Sifuri

Kwa miaka ishirini na sita baba mdogo alihesabu ndege wa msituni kwa masikio. Macho kule hayakufai kitu: majani tele, na ndege wake wawili ni ndugu, wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mgongo kijani, kifua manjano iliyopauka. Tofauti ni sauti. Mmoja hukaa chini vichakani, sauti nzito, ananung'unika kama mpangaji aliyepandishiwa kodi. Huyo alimwita Mnung'unikaji. Mwenzake hukaa juu kabisa na sauti nyembamba kama sindano. Huyo ni Filimbi, na ndiye adimu. Kwa ajili yake tu, miti ya kipande kile cha msitu haikatwi.

Miaka miwili mfululizo baba mdogo aliandika: Filimbi, sifuri. Ofisi ya misitu ikaitisha kikao cha Ijumaa kuwaruhusu wapasua mbao.

Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa ameteguka mguu, basi mkewe, mama mdogo, akafuatana naye kumbebea mkoba. Mzee akaketi kwenye gogo, akaandika: Mnung'unikaji watatu, Filimbi sifuri.

"Na huyu humwandiki?" mama mdogo akauliza.

"Yupi?"

"Huyo juu, anayenitoboa kichwa."

"Hakuna kitu, mama watoto. Usinifundishe kazi."

"Anaimba, baba watoto. Kanyamaza. Haya, kaanza tena."

Mzee akatazama juu, kisha akamtazama mkewe, akafunga daftari. Nyumbani tulishazoea simu yake kulia mpaka ichoke. Tulidhani anamkwepa mtu.

Alibakiza miaka mitatu astaafu, na mhesabu ndege asiyesikia ni mpishi asiye na ulimi. Hayo aliyasema mwenyewe, akisukuma sahani. Mama mdogo hakumkaba. Alisema tu, "Mti ukishaanguka hausimamishwi kwa pole."

Alhamisi akaingia kwa bosi.

"Futa sifuri zangu zote. Filimbi yupo."

"Umemsikia?"

"Mke wangu kamsikia. Mimi sauti nyembamba sizisikii tena. Tuma mwenye masikio kesho alfajiri, kabla hamjakaa."

Bosi akapiga simu kuahirisha kikao. Alipomaliza akaomba ufunguo wa kituo cha kuhesabia ndege, kwa upole, macho yakiwa mezani. Baba mdogo akahangaika kuuchomoa kwenye pete ya funguo kwa kucha, muda mrefu, na hakukubali kusaidiwa.