Ndani ya Mashua, Baba Mkwe Akiwa Juu

Tulikuwa wanne siku ile pale nyumbani kwetu Iyunga: mimi, mume wangu fundi seremala, dada yake ambaye ni wifi yangu, na baba yao, aliyefika mwishoni. Majina yao ninayo yote, hata la mwenye mashua, ila wameacha wajukuu, kwa hiyo siyaandiki. Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi bado bibi harusi.

Mashua ilikuwa kuukuu, ya tanga, imeletwa kwa lori kutoka Ziwa Nyasa ije itengenezwe. Juu ilikuwa na tundu la mtu kuingilia tumboni mwake, na mfuniko wa tundu lile ulikuwa umeoza. Mume wangu, ufundi aliusomea Iringa, alichonga fremu mpya na mfuniko mpya. Bolti za fremu alizipitisha toka juu, hivyo lazima mtu awe ndani ashike nati kwa spana. Mwembamba nilikuwa mimi.

"Wifi, usije ukanenepa humo," wifi yangu akanichokoza, "tutakutoa kwa shoka."

Nati zikaisha. Mume wangu akauegesha mfuniko juu ya tundu, akaniambia nisubiri, anakwenda kwa jirani kuomba nyingine. Wifi naye alikwenda kuteka maji. Nikabaki na mwanga wa ufa mmoja.

Mara mvua. Halafu nikasikia kikohozi, na baba mkwe akipiga hodi. Alikuwa anafanya kazi Ipogolo kule Iringa, hatukujua anakuja. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona njiani anajitupa majanini. Basi nikanyamaza. Na yeye, kwa wema wake, akaona mvua itaharibu kazi ya mwanawe. Akapanda, akaokota nyundo, akaupigilia mfuniko mpaka ukazama wote. Giza. Pembeni ulikuwa umepakwa lami, ukashika.

Nikausukuma kwa mabega, wapi. Harufu ya lami ikanijaa kifuani. Labda hewa ilikuwepo ya kutosha, sijui, lakini mimi niliona imekwisha. Nikimwita nimemvunjia heshima, nisipomwita nafia humu. Nikafikiri, kugonga si kusema. Nikagonga mbao kwa spana.

Nyayo zikasimama. Nikagonga tena.

Akasema polepole, kama anaongea na mbao: "Nafungua. Nikishafungua nakwenda barabarani. Sitageuka."

Patasi ikalia pembeni, hewa ikaingia pamoja na maji ya mvua. Sikutoa kichwa mpaka niliposikia ameshuka. Nilimwona mgongo tu, kajifunika koti kichwani, anaifuata barabara.

Wifi yangu, hata uzeeni, alishikilia kwamba akiwa njiani na debe lake alisikia mwanamke akiita "Baba" mara mbili. Mimi nakumbuka spana tu. Mzee hakusema alichosikia mpaka tukamzika, na miaka yote hiyo niliogopa siku atakayosema. Kama yupo wa ukoo wetu aliyesimuliwa naye kwamba niliita, basi mimi ndiye niliyekosea, aje anisahihishe.